Granji ilianza kabla ya Nirvana

Ndugu, umeuliza wimbo gani wa granji (grunge, roki ya gitaa zenye mkwaruzo) tunaupenda kuliko yote, na kama muziki huu ulizuka na bendi ya Nirvana. Mimi ni “Touch Me I'm Sick” wa bendi ya Mudhoney, uliotolewa na lebo ya Sub Pop ya Seattle, Marekani, mwaka 1988. Gitaa linakwaruza, mwimbaji anapayuka, hakuna kilichopigwa msasa! Nirvana wenyewe walikunywa kwenye panki (punk, roki ghafi na ya kasi) ya chinichini. Tafuta bendi ya Wipers wa Portland, albamu ya “Is This Real?” ya 1980, Nirvana walirudia nyimbo mbili za humo, “D-7” na “Return of the Rat”. Hata nyu wevu (new wave, muziki uliotokana na panki) imo, maana Nirvana walipiga pia “Turnaround” ya bendi ya Devo. Wipers hawatajwi inavyostahili, na inaniuma kweli. Anza na “D-7”, sauti juu.