Mpishe mwenzako: majibu ya maswali yenu kuhusu amri za timu

Barua za safari hii karibu zote zimelenga jambo moja: dereva kuambiwa kwenye redio ampishe mwenzake wa timu. Nimechagua zile zinazonipa nafasi ya kusema ninachoamini.

Swali: Hivi amri za timu zinaruhusiwa kwenye Fomula 1?

Zinaruhusiwa, tangu msimu wa 2011. Zilipigwa marufuku kuanzia 2003 hadi 2010, na kabla ya hapo hakukuwa na katazo. Nimelijibu hili mara nyingi mno. Tafadhali, anayetaka kuuliza tena asome kwanza mstari huu.

Swali: Shikamoo. Kama kabla ya 2003 hakukuwa na katazo, mbona Ferrari walitozwa faini kwa yale ya Austria 2002?

Marahaba. Umeuliza vizuri, maana wengi hulikosea hili. Faini ilikuwa dola milioni 1, nusu yake ikasimamishwa, na haikuwa ya kupishana. Ilikuwa ya yaliyotokea jukwaani. Rubens Barrichello alianza wa kwanza kwenye gridi, akatawala mbio, na baada ya kona ya mwisho ya mzunguko wa mwisho akapunguza mafuta. Michael Schumacher akamtangulia mstarini kwa sekunde 0.182. Watu wakazomea. Schumacher, uso umemshuka, akamsukuma Barrichello apande ngazi ya mshindi na kumkabidhi kombe. Utaratibu wa jukwaa una kanuni zake, na FIA, shirikisho linalosimamia mbio hizi, ikashika hapo. Kwa lililotokea barabarani haikuwa na kifungu cha kukishika.

Sasa niseme ambalo hukuuliza. Zile zilikuwa mbio za sita za msimu, na kwa hesabu ya wakati ule amri hiyo ilimwongezea Schumacher pointi 4. Alimaliza mwaka na pointi 144, Barrichello 77. Walimdhalilisha mtu mbele ya dunia nzima kwa pointi ambazo hawakuzihitaji. Na katazo lililofuata halikuziondoa amri, liliwafundisha watu kuzificha tu. Mwaka 2010 pale Hockenheim, Felipe Massa wa Ferrari alikuwa anaongoza, mwaka mmoja kamili tangu springi ya gari lingine imgonge kichwani kule Hungary na nusura imwue. Injinia wake, Rob Smedley, akamwambia taratibu, neno kwa neno, kwamba Fernando, yaani Fernando Alonso mwenzake wa timu, ana kasi kuliko yeye, na kumuuliza kama ameuelewa ujumbe huo. Massa akatoka kwenye kona kali bila kukanyaga mafuta inavyotakiwa, Alonso akapita. Hakuna aliyetamka neno “amri” na hakuna aliyekosa kuelewa. Faini ikawa dola 100,000, ushindi ukabaki pale pale, na msimu uliofuata katazo likafutwa. Mimi nilifurahi lilipofutwa. Ni heri niisikie amri ikitolewa waziwazi kuliko kumsikiliza mtu mzima akilazimishwa kusema kwa mafumbo.

Swali: Kwa nini timu zisiwaache tu madereva wao washindane, mwenye nguvu ashinde?

Kwa sababu kila timu ina sehemu moja tu ya kusimama kwenye piti, yaani kando ya barabara magari yanakobadilishiwa matairi. Naomba mlitafakari hili kabla ya kuandika tena kuhusu “uhuru wa kushindana”. Magari mawili ya timu moja yakifuatana kwa sekunde mbili, hayawezi kubadilishiwa matairi kwa wakati mmoja bila la nyuma kusubiri. Lazima mmoja aitwe kwanza. Anayeitwa kwanza anatoka na matairi mapya, na mizunguko miwili mitatu ya kukimbia na matairi mapya inatosha kumweka mbele ya mwenzake bila kumpita barabarani hata mara moja. Kwa hiyo injinia anapobonyeza kitufe na kumwita mmoja wao, tayari ameshachagua. Timu inayosema “tumewaachia wenyewe” imechagua kimya kimya.

Angalieni Hungary 2024. Oscar Piastri alikuwa anaongoza, Lando Norris wa pili, wote wa McLaren. Kwa desturi anayeongoza ndiye anayepewa haki ya kuingia piti kwanza. Kwenye kusimama kwa mwisho timu ikamwita Norris kwanza ili kumlinda dhidi ya waliokuwa nyuma yake, na Piastri alipotoka akajikuta wa pili. Kilichofuata kilikuwa kigumu kusikiliza. Mzunguko baada ya mzunguko injinia wa Norris alimbembeleza arudishe nafasi, akimkumbusha kwamba ubingwa hautapatikana bila msaada wa mwenzake. Norris anajibu kwa mkato au hajibu kabisa, na huku anazidi kwenda mbele. Alimpisha mzunguko wa 68 kati ya 70. Piastri akapata ushindi wake wa kwanza wa Fomula 1 katika hali ambayo haikumfurahisha yeye wala mwenzake.

Wengi mliniandikia kwamba Norris alikuwa mchoyo. Sikubali. Deni lilikuwa la timu, akalipishwa dereva. Wangemwita Piastri kwanza, kusingekuwa na la kurudisha.

Na kuhusu kuwaacha wagombane: Sebastian Vettel na Mark Webber wa Red Bull waligongana Uturuki 2010 wakiwa wa kwanza na wa pili, McLaren wakaokota nafasi zote mbili. Lewis Hamilton na Nico Rosberg wa Mercedes waligongana na kutoka wote Barcelona 2016 kabla mzunguko wa kwanza haujaisha. Max Verstappen na Daniel Ricciardo wa Red Bull nao wakagongana na kutoka wote Baku 2018. Ubingwa wa timu unahesabiwa kwa pointi za magari yote mawili.

Swali: Senna na Prost, nani alikuwa bora?

Mwaka 1988, wote wakiwa McLaren na magari ya aina moja, Senna alishinda mbio 8 na Prost 7. Prost alikusanya pointi 105 na Senna 94, lakini kanuni ilihesabu matokeo 11 bora tu, Senna akawa bingwa kwa 90 dhidi ya 87. Chagua mwenyewe.

Swali: “Multi 21” ilikuwa na maana gani?

Ilikuwa amri ya mafumbo ya Red Bull: gari namba 2 libaki mbele ya gari namba 1. Webber alikuwa namba 2, Vettel namba 1. Sepang 2013 Webber alipunguza nguvu ya injini akiamini mbio zimeshafungwa, Vettel akampita na kushinda. Pointi 7 za ziada. Mwisho wa msimu alikuwa mbele ya mshindi wa pili kwa pointi 155. Siku hiyo hiyo, Rosberg wa Mercedes aliambiwa abaki nyuma ya Hamilton, akabaki, akamaliza wa nne. Huyo hakuna anayemkumbuka, na hilo linanisikitisha.

Swali: Verstappen alikataa kumpisha Sergio Pérez Brazil 2022. Si ni haki ya bingwa?

Hapana. Wote wawili walikuwa wa Red Bull, na Verstappen alikuwa ameshachukua ubingwa. Nafasi ya sita haikumwongezea kitu. Pérez alikuwa anagombea nafasi ya pili ya msimu na Charles Leclerc, na alikuwa amemsaidia Verstappen alipohitaji, pale Abu Dhabi 2021 alipomzuia Hamilton kwa kufa na kupona. Verstappen alisema ana sababu zake na asiulizwe tena. Pérez alimaliza msimu nyuma ya Leclerc kwa pointi 3. Pointi 2 alizonyimwa Brazil zisingetosha peke yake, najua, na kila mara kuna msomaji wa kunikumbusha hesabu hiyo. Ninacholalamikia ni kupokea bila kurudisha. Mpanda farasi wawili hupasuka msamba: timu iliyomruhusu mmoja akatae amri haiwezi kesho kumdai mwingine utii.

Swali: Nisaidie kuelewa kisa cha Imola 1982. Nani alimsaliti nani?

Tarehe 25 Aprili 1982, timu kadhaa ziligoma, magari 14 tu yakashiriki. René Arnoux alipoharibikiwa, Ferrari wakabaki na nafasi mbili za mbele: Gilles Villeneuve, kisha Didier Pironi. Piti ikatoa ubao wenye neno moja la kuwataka wapunguze mwendo.

Neno moja tu. Villeneuve alilielewa kuwa nafasi zibaki zilivyo. Pironi akalielewa kuwa tunzeni magari na mafuta. Wakapitana, na Villeneuve akadhani mwenzake anawachangamsha watazamaji, hadi mzunguko wa mwisho Pironi alipompita na kushinda. Picha za jukwaani zipo: Villeneuve ameangalia pembeni, mdomo umefungwa. Aliapa kutozungumza na Pironi tena. Tarehe 8 Mei, Zolder, kwenye mbio za kupanga gridi, Pironi akiwa na muda bora kuliko wake, Villeneuve aligonga gari la Jochen Mass lililokuwa linakwenda taratibu. Akafariki usiku ule. Agosti mwaka huo huo Pironi alivunjika miguu Hockenheim na hakuendesha tena Fomula 1.

Umeuliza nani alimsaliti nani. Mimi siwezi kumhukumu Pironi kwa tafsiri ya neno moja. Nawahukumu waliokuwa na msimu mzima wa kukaa na vijana wawili na kuwaeleza ubao ule una maana gani, wasifanye hivyo. Kila ninapomsikia bosi wa timu akisema “madereva wetu wanajua la kufanya”, huwa naikumbuka Imola.

Swali: Niweke dau kwa dereva namba mbili?

Usiweke.

Swali: Ile ya Monza 2025, Piastri kumrudishia Norris nafasi ya pili kwa kosa la mafundi, ilikuwa halali?

Halali, ndiyo. Sahihi, hapana. Norris alikuwa mbele ya Piastri, akakubali mwenzake aingie piti kwanza kwa ahadi kwamba hatapoteza nafasi. Kisha tairi lake likasumbua kufungwa, akatoka nyuma. Piastri akaombwa arudishe. Alisema redioni kwamba walishakubaliana kusimama taratibu piti ni sehemu ya mbio, kisha akarudisha. Hapo ndipo ninapogombana na McLaren: kama mlikuwa na makubaliano, hayabadilishwi gari likiwa linakimbia kwa kilomita 300 kwa saa.

Halafu fanyeni hesabu hii. Norris alitwaa ubingwa wa 2025 kwa pointi 423, Verstappen 421, Piastri 410. Nafasi ya pili ina pointi 18, ya tatu 15. Mengine yote yakibaki yalivyokuwa, bila zile 3 za Monza Norris angeishia 420, na bingwa angekuwa Verstappen. Waliokuwa wakiniambia kwamba amri za timu ni mambo madogo, na nafasi ya pili si ushindi, naomba waisome aya hii mara mbili.

Swali: Mwanangu anaendesha vigari vidogo vya mashindano, go-kart. Meneja alimwambia katikati ya mbio ampishe mwenzake, naye akakataa. Sasa wanasema hana nidhamu. Nimwambie nini?

Kwanza, usimpigie kelele. Pili, rudi kwenye mkataba wenu, kwa sababu wazazi wengi husaini wakiwa wameangalia ada tu. Carlos Reutemann aliingia msimu wa 1981 akiwa ndani ya Williams kama msaidizi wa Alan Jones. Mvua ikinyesha Jacarepaguá, timu ikamwonyesha ubao wenye jina la Jones juu na lake chini. Akaupita mzunguko baada ya mzunguko, akashinda. Kuanzia siku hiyo hakuwa na rafiki ndani ya timu yake, na mwisho wa mwaka alikosa ubingwa kwa pointi 1: Nelson Piquet 50, yeye 49. Alikataa kitu alichokuwa amekikubali kwa maandishi, na hapo siwezi kumtetea.

Kama mwanao hakuambiwa lolote kabla ya mbio, basi hakukosea, na meneja ndiye wa kuulizwa. Nenda naye kwa meneja kabla ya mashindano yajayo, gari likiwa bado limezimwa. Muulize maswali matatu: nani anapewa piti kwanza, nafasi zinarudishwa katika hali gani, na ni nani mwenye mamlaka ya kutoa amri hiyo redioni. Waandike majibu. Wakikujibu “tutaona siku hiyo”, andika wewe, na tarehe, na jina la aliyesema, kisha mpe nakala dereva mwenzake wa mwanao pia.