Umeulizwa unajisikiaje, na jibu huna

Wewe uliyeambiwa ukubwani kwamba una usonji (autism), au ADHD (hali ya umakini kutawanyika na kushindwa kutulia), au vyote viwili, karibu. Mimi niliambiwa nikiwa na miaka 36, mhasibu, mama wa watoto wawili. Mshauri nasaha aliniuliza swali moja jepesi, "Sasa unajisikiaje?", nikakaa kimya mpaka akadhani nimekasirika. Huenda kweli nilikasirika. Sikujua, na kutokujua huko ndiko nataka tukuzungumze, kwa sababu kulinitesa miaka mingi kuliko kelele na kuliko watu.

Baba alipofariki nilikaa na daftari la rambirambi siku zote tatu za msiba. Nilijua nani katoa nini, mchele umebaki kilo ngapi, basi la wageni linaondoka saa ngapi. Shangazi akanivuta pembeni: "Mwanangu, hata chozi? Ni baba yako huyu." Nikamjibu, "Shangazi, sijui." Watu wakasema nina moyo mgumu, nami nikawaamini. Wiki tatu baadaye, nikiwa nakunja nguo, nilikutana na kofia yake, miguu ikaisha nguvu, nikalala na homa siku mbili. Kilio kilikuwepo tangu mwanzo. Kilichelewa tu kunifikia.

Hali hii ina jina: aleksithimia. Neno hilo lilitungwa na daktari wa akili Peter Sifneos katika miaka ya 1970 huko Marekani, kutoka Kigiriki, likiwa na maana ya kukosa maneno ya yaliyo moyoni. Si ugonjwa, wala si usonji wenyewe. Uchambuzi wa mwaka 2019 uliokusanya tafiti nyingi ulikuta kwamba karibu nusu ya watu wenye usonji wanayo, ilhali kwa wasio na usonji ni wachache. Kwa hiyo huenda wewe huna. Lakini kama unayo, usikubali mtu akuambie huna hisia. Unazo, na pengine ni kali kuliko zake.

Mshauri wangu alinipa karatasi yenye duara la majina ya hisia, yote kwa Kiingereza. Niliitazama mwezi mzima bila faida. Kilichonisaidia ni kuacha kutafuta jina na kuanza na mwili, na hapo Kiswahili kilikuwa kimeshanitangulia. Sisi husema tumbo joto, roho juu, moyo mzito, damu inachemka. Waliosema hivyo kwanza walisikiliza miili yao. Kwa wengi wetu taarifa za ndani, njaa, kiu, haja, mapigo ya moyo, hutufikia kwa unyonge, au hukaa kimya kisha zikatuangukia zote kwa pamoja. Mimi nimewahi kuandika barua ya kuacha kazi saa tisa alasiri, kumbe sijala tangu jana yake.

Basi tega simu ilie saa nne, saa saba na saa kumi. Ikilia, andika mabega yakoje, taya likoje, tumbo likoje, umekula lini, umekwenda haja lini. Pembeni andika kinachoendelea muda huo. Usiandike hisia yoyote. Baada ya mwezi soma kurasa zote kwa mkupuo. Mimi nilikuta taya langu linakaza kila siku umeme ulipokatika na jenereta ya jengo kuwashwa, na kila mara ratiba ilipobadilishwa ghafla. Kile nilichokuwa nakiita uvivu wa mchana kilikuwa kelele. Nikanunua vizibo vya masikio, nikaomba kuhamia meza ya mbali na dirisha.

Kazini kuna jambo moja la kulinda: muda wako wa kujibu. Hasira ya Jumatatu kwangu hufika Jumatano, nikiosha vyombo. Ukilazimishwa kusema hapo hapo kikaoni utakubali mambo ambayo mwili wako utayakataa baadaye. Sema, "Naomba nikujibu kesho kwa maandishi." Bosi wangu mwanzoni aliona ni dharau. Nilipomweleza taratibu akaanza kunitumia ajenda siku moja kabla. Si mabosi wote watakuwa hivyo, nalijua hilo, ila omba.

Na salamu ziache ziwe salamu. Ukiulizwa habari za asubuhi, jibu nzuri, upite, hujamdanganya mtu.

Hospitali nako nenda na daftari. Nilitibiwa vidonda vya tumbo kwa muda mrefu bila nafuu, maana nikiulizwa maumivu yakoje nilikuwa nasema "yapo tu". Daktari angefanya nini na jibu hilo? Kurasa zile ndizo zilizomwonyesha kwamba maumivu yanakuja siku za kufunga hesabu. Lakini maumivu ya kifua, usingizi kukatika wiki mbili mfululizo, au mawazo ya kutaka kufa, hayo usiyaandike ukasubiri mwezi uishe. Nenda siku hiyo hiyo, na mtu wa kukusindikiza.

Nyumbani mtafute mmoja wa kumpa jibu la kweli. Mimi na mume wangu tunatumia namba, moja hadi tano, moja ikiwa shwari. Ananiuliza, "Mama watoto, ngapi leo?" Nikisema nne, anawachukua watoto uani nusu saa, hanihoji. Jana nilisema mbili, kwa sababu sikuona kitu. Baadaye kidogo, nikiwa jikoni, niliona mikono inatetemeka. Nikarudi sebuleni nikamwambia, "Samahani, ilikuwa nne." Akazima runinga.