Mwanangu anataka kufuga nyoka

SWALI: Shikamoo daktari. Tunaishi Columbus, Ohio. Kijana wangu wa miaka 11 kakamata nyoka bustanini, mweusi mwenye mistari mitatu ya njano. Majirani wanasema ni garter, hana neno. Anamlisha samaki wa dhahabu wa dukani. Mimi ni wa Tanga, kwetu nyoka ni wa kupigwa. Je, ana sumu? Nina na mdogo wa miaka miwili.
Mama Wawili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Weka fimbo chini. Sumu yake ni hafifu, ya kulegeza vyura. Akikuuma utapata mikwaruzo na pengine uvimbe kidogo. Silaha yake hasa ni uvundo. Ukimbana anakupaka ute na kinyesi mkononi, na sabuni ya mara moja haitoshi.

Kinachonitia hofu ni hao samaki. Samaki wa dhahabu wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na hata ukiwagandisha hakifi. Nyoka anayelishwa hao tu huanza kutetemeka, kisha anajipindapinda, mwisho akilala chali hawezi kujigeuza. Wakiletwa kliniki katika hali hiyo, wenyewe huniapia kwamba alikuwa anakula vizuri! Chakula chake ni nyungunyungu wakubwa wanaouziwa wavuvi (si wale wekundu wa kwenye mboji, hao humdhuru), tilapia, na vitoto vya panya vilivyogandishwa. Mwanzoni nyoka atamkataa panya. Mwache panya ayeyuke, msugue kwa nyungunyungu mpaka anuke udongo, kisha mtikise kwa kibanio mbele ya pua yake. Mara nyingi anadanganyika.

Lakini huyu wa bustanini arudishwe palepale alipotolewa, kabla ya baridi, apate shimo lake la kulala. Wa porini huja na minyoo tumboni. Tena Ohio kuna ndugu yake, garter wa mbugani, aliye hatarini kutoweka na analindwa na sheria. Kijana hatawatofautisha kwa kutazama mistari.

Kununua aliyezaliwa kwa mfugaji kungekuwa sawa, ila una huyo mdogo. Watambaazi hubeba salmonela, vijidudu vya kuharisha, na wataalamu wa afya wa Marekani wanashauri wasifugwe kwenye nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 5. Ningekuwa mimi, ningemwambia kaka mtu asubiri hiyo miaka mitatu. Atanuna, najua. Na ndoo aliyomwekea ioshwe nje, si kwenye sinki la jikoni.