Kwa wewe unayeanza kuchanganya oksidi nano na polima

Wengi wakiingia kwenye kazi hii, ya kutia chembe ndogo mno za oksidi ndani ya plastiki, huuliza kwanza wapachike (yaani waingize kidogo ndani ya fuwele) elementi gani kwenye oksidi: alumini, manganisi au nitrojeni? Anza na upande wa pili. Filamu yako, yaani utando mwembamba wa polima wenye chembe hizo, unataka ifanye nini? Jibu la swali hilo ndilo linalochagua elementi, na mara nyingi linaikataa ile uliyoipenda.

Chukua titani dioksidi. Inameza miale ya urujuanimno, kwa hiyo inaonekana mlinzi mzuri wa plastiki inayokaa juani. Kumbe nishati iliyomezwa inazaa radikali (vipande vya molekuli vyenye ukali wa kumenyuka) kwenye uso wa chembe, nazo huanza kukata minyororo ya polima ileile uliyotaka kuilinda. Oksidi hii ina maumbo mawili ya fuwele yanayotumika sana, anatase na rutile; anatase ni kali zaidi ya rutile kwa hili. Manganisi ikipachikwa kwenye rutile hupunguza ukali huo, ndiyo maana chembe za aina hiyo zimewahi kutumika hata kwenye mafuta ya kujikinga na jua. Nitrojeni hupachikwa kwa nia iliyo kinyume kabisa: oksidi ichochee mmenyuko hata kwenye mwanga unaoonekana. Ukisoma makala za pande hizo mbili bila kuangalia lengo, utadhani watu wanagombana.

Kazi ambayo huenda ukapewa mwanzoni ni oksidi ya zinki yenye alumini ndani ya filamu ya PVA (polivinili alkoholi, polima inayoyeyuka kwenye maji). Alumini inapokaa mahali pa zinki huleta elektroni moja ya ziada, na unga hupitisha umeme vizuri zaidi. Mtego uko kwenye bika, pale unapotumia hidroksidi ya sodiamu kutoa mashapo ya zinki na alumini kwenye myeyusho. Ukiizidisha, hidroksidi ya alumini huyeyuka tena na kuwa aluminati, kisha unaimwaga mwenyewe unapoosha mashapo. Uliweka asilimia 3, lakini kwenye unga huenda imebaki kidogo tu. Lebo isiandikwe kiasi ulichoweka kana kwamba ndicho kilichoingia. Pima unga baada ya kutoka tanurini.

Kisha kuna difraksheni ya eksirei, kipimo kinachoonyesha mpangilio wa fuwele kwa vilele kwenye pembe maalumu. Alumini ni ndogo kuliko zinki, hivyo kilele cha oksidi ya zinki cha karibu na nyuzi 34.4 kikisogea kidogo kwenda pembe kubwa zaidi utafurahi, ukidhani alumini imeingia. Usiharakishe. Sampuli iliyokaa juu au chini kidogo kwenye kishikio nayo husogeza vilele. Changanya unga kidogo wa silikoni (elementi Si): kilele chake cha nyuzi 28.4 kitakuambia kama kilichosogea ni zinki au ni mkono wako.

Halafu kuna kutawanya chembe, na hapa ndipo filamu nyingi zinapofia. Chembe hushikana madonge, na donge ndani ya filamu ni mahali pa kuanzia ufa. Zitawanye kwa mawimbi ya sauti ndani ya maji kwanza, bika likiwa kwenye barafu, ndipo uongeze myeyusho wa PVA. Mawimbi hayo yakipiga polima muda mrefu hukata minyororo yake. Unaweza pia kuvika chembe silane, kemikali yenye silikoni inayojishika kwenye uso wa oksidi, ili zisigandane. Kwa filamu angavu ya kuzuia urujuanimno, ni jambo jema. Kwa filamu ya kupitisha umeme, fikiri mara mbili: elektroni zinahitaji chembe zinazogusana au kukaribiana sana, na silane ni koti linalozuia. Sijaona namna ya kupata yote mawili bila kupoteza kitu, na anayekuahidi hivyo muombe data.

Kila mfululizo uwe na filamu tatu za unene mmoja: PVA tupu, PVA na oksidi isiyopachikwa kitu, na PVA na oksidi iliyopachikwa. Bila ile ya katikati hujui kama sifa ni za alumini au za oksidi ya zinki peke yake. Ukiweza, chembe za filamu mbili za mwisho ziwe na ukubwa unaokaribiana, maana kupachika mara nyingi hubadilisha ukubwa pia.

Mwisho, PVA hunywa unyevu wa hewa na maji huilainisha. Mkiwa Mombasa au Dar, filamu iliyovutwa kwenye mashine ya kupima uimara asubuhi ya mvua haifanani na ya mchana mkavu. Zihifadhi zote pamoja kwenye chombo kilichofungwa chenye myeyusho wa nitrati ya magnesi uliokolea hadi chumvi nyingine haiyeyuki tena, unaoshikilia unyevu karibu asilimia 53 kwenye nyuzi 25, na uzitoe moja moja wakati mashine ya kuvuta iko tayari.