Boksi la sabufa nyuma ya siti: tundu la nini?

SWALI: Nina pikapu ya kabini mbili, nataka kutengeneza boksi la sabufa moja ya inchi 10 likae nyuma ya siti ya abiria. Karatasi ya maelezo ya spika inasema boksi lililozibwa, lita 28 hadi 32. Fundi anasema hapo besi itabanwa, nitoboe tundu la sentimita 5 ipumue. Nimsikilize nani?

JIBU: Sikiliza karatasi. Huyo fundi mwachie tundu lake.

Kwenye boksi lililozibwa, hewa ya ndani ndiyo springi inayoirudisha koni, ile sehemu ya mbele ya spika inayocheza mbele na nyuma. Ukitoboa, springi hiyo umeiua. Maboksi yenye tundu yapo, tena mazuri, lakini yana hesabu zake: upana wa tundu, urefu wa bomba na ujazo wa boksi hupangwa kwa pamoja. Tundu la sentimita 5 kwenye ubao wa milimita 18, boksi la lita 30, linafanya kazi zaidi karibu na hezi 60, yaani mitetemo 60 kwa sekunde. Chini ya hapo koni haina tena kinachoishika, na besi nzito unazozitaka, zile za hezi 35 au 40, ziko huko huko chini. Mwanzoni utafurahi, maana kelele imeongezeka. Kisha koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni, itaanza kugonga, na utaambiwa spika ilikuwa feki.

Kosa la pili ni kupima kwa nje. Kwa kuwa mgongo wa siti umelala, boksi litakuwa jembamba juu, kwa hiyo tumia wastani wa kina. Tuseme upana ni sentimita 100, kimo 35, kina 18 chini na 11 juu. Kwa nje hizo ni karibu lita 51. Toa unene wa ubao wa milimita 18 kila upande, zinabaki 33. Kisha toa nafasi ya spika yenyewe na mbao za kuimarishia. Umeingia kwenye kipimo chako, ila hakikisha sumaku haigusi ukuta wa nyuma. Hapo spika ya kina kifupi inafaa zaidi. Viungo vya ndani vizibe kwa silikoni, uiache ikauke kabisa kabla ya kufunga spika, kwa sababu mvuke wake unaweza kuharibu gundi ya koni.

Kinachonichosha ni kwamba tundu halina tofauti na lebo za “wati 3000” kwenye amplifaya yenye fyuzi ya ampea 30. Kwa volti 14, fyuzi hiyo inapitisha kama wati 420 tu, na sehemu yake inaishia kuwa joto. Hata hivyo watu wananunua lebo, wanakopi boksi la gari la jirani lenye spika nyingine kabisa, halafu wanakuja kwangu na koni iliyochanika. Kabla hujampa mtu ubao wako, muulize boksi litakuwa la lita ngapi. Akikupimia hewani kwa mikono, beba ubao wako.