Fremu ya tisheti kuchapa saketi
Umeuliza kama fremu ya kuchapia tisheti hapa Langoni, Lamu, yaweza kuchapa saketi, yaani njia za kupitisha umeme za vifaa vya elektroniki, yaweza ndugu yangu, kazi ni ileile, unamwaga wino juu ya skrini, ule wavu uliotandwa kwenye fremu, unauvuta na ile raba, wino unapenya kwenye vitundu unakaa juu ya karatasi ya plastiki, tofauti ni wino wenyewe, huu ni wa plastiki inayopitisha umeme, unaitwa PEDOT:PSS, wa maji, samawati iliyokoza, unaukausha kwa nyuzi kama 120 za Selsiasi tu wakati chipu za silikoni, zile za ndani ya simu na kompyuta, zinapotengenezwa zapita tanuri la karibu 1000. Wanasayansi Heeger, MacDiarmid na Shirakawa walipata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2000 kwa plastiki hizi zinazopitisha umeme. Ila kwa unyevu wetu wa Lamu saketi yako ifunike sana, unyevu unaidhoofisha.