Karatasi Yako Ijitambulishe Yenyewe: Ushauri kwa Wachoraji Wanaotaka Tableti

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Ujiji aliniandikia. Anachora michoro ya fulana na vibao vya maduka, anaanza na penseli kama mimi, na kwa muda amekuwa akiweka akiba ya kununua tableti ya kuchorea. Swali lake lilikuwa hili: "Shikamoo dada. Nimeona kuna tableti unaweka karatasi juu yake, unachora kwa kalamu ya wino, mchoro unatokea kwenye simu. Sasa nikibadilisha karatasi, yenyewe inajua? Ninunue ipi inayotambua karatasi?"

Siku ile nilimjibu kwa mstari mmoja kwa sababu nilikuwa nafunga kazi. Leo namjibu kwa kirefu, yeye na wengine wote, maana najua wengi mnaonisoma mnataka kitu kilekile ninachokitaka mimi: kuishi kwa mchoro ukiwa hapa hapa Tabora, au Kigoma, au Nzega, bila kulazimika kuhamia Dar es Salaam ndipo uhesabike kuwa mchoraji.

Jibu lenyewe ni kwamba tableti haioni karatasi. Nenda dukani ukiwa unalijua hilo.

Chini ya uso wa tableti kuna nyaya zilizopangwa kwa safu, wima na mlalo. Nyaya hizo zinatoa mawimbi ya sumaku-umeme. Ndani ya kalamu mna koili ndogo, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, inayopokea nguvu ya mawimbi hayo na kuirudisha chini. Tableti inapima ni nyaya zipi zimepata jibu lenye nguvu zaidi, na hapo inajua ncha ya kalamu iko wapi. Ndiyo maana kalamu nyingi za Wacom, kampuni inayotengeneza tableti za namna hii, hazihitaji betri. Karatasi haiyazuii mawimbi hayo, kwa hiyo unaweza kutandika karatasi juu yake, hata daftari jembamba, na mchoro ukanaswa vizuri. Lakini kitu ambacho mawimbi yanakipita bila kugusana nacho hakiwezi kutambuliwa kwa mawimbi hayo hayo. Faida na kasoro zimetoka sehemu moja.

Kampuni ya iskn ya Grenoble, Ufaransa, ilipita njia tofauti. Penseli yako ya kawaida unaivisha pete yenye sumaku, na vihisi vilivyomo ndani ya ubao vinaifuata ile pete. Napenda sana wazo hilo, kwa sababu linamwacha mchoraji na penseli aliyoizoea. Hata hivyo kinachofuatwa ni pete. Karatasi haimo kwenye hesabu.

Kwa hiyo tableti nyingi za namna hii zina kitufe. Ukimaliza karatasi unabonyeza, ukurasa mpya unaanza. Anayetambua karatasi ni kidole chako.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu kuna watu walinilipisha gharama ya kutoyajua wao. Nyumba moja ya uchapishaji, si ya hapa Tabora, ilinipa kazi ya picha za kitabu cha watoto. Wakaniletea tableti yao, na maelezo yao yalikuwa mafupi: hii inatambua karatasi yenyewe, wewe chora, toa, weka nyingine, chora. Nikauliza mara mbili kuhusu kitufe. Nikaambiwa nisikiguse, kitavuruga mipangilio waliyoiweka. Basi nikachora. Nilichora usiku kwa taa ya sola umeme ulipokatika, nikachora mchana chini ya mwembe kwa sababu nyumba yetu ya mtaa wa Ng'ambo, hapa Tabora, inapata joto kali mwezi wa kumi. Walipopakua mafaili, kila picha ilikuwa imelala juu ya nyingine. Wanafunzi wamekaa darasani, na kisima kimepita katikati ya vifua vyao.

Karatasi zangu za wino zilikuwepo, safi, kila moja na picha yake. Nilizitandaza mezani. Mwakilishi wao hakuziangalia. Alisema mbele ya watu kwamba wasanii wa mikoani wakipewa vifaa vya kisasa ndiyo matokeo yake. Kazi ikaondoka, na malipo ya mwisho sikuyapata mpaka leo.

Bado inaniuma, sitaficha. Lakini ndiyo iliyonirudisha kwenye jambo nililolisoma ujana wangu na ambalo nilikuwa sijaliunganisha na sanaa.

Mnajua Tabora tuna Chuo cha Ardhi. Mimi ni mmoja wa waliosomea ramani. Zamani, ramani ya karatasi ilipotakiwa kuingizwa kwenye kompyuta, ilibandikwa kwa tepu juu ya meza kubwa tuliyoiita dijitaiza. Meza ile ndani ina nyaya kama tableti ya leo, ila ni pana kama mlango. Mkononi unashika kifaa chenye kioo na alama ya msalaba, unakiweka juu ya kila kona ya ramani na kubofya. Kona hizo koordineti zake, yaani namba zinazotaja mahali zilipo, zimeandikwa pale pale kwenye ramani. Kompyuta inalinganisha ulipobofya na panapotakiwa kuwa, inakupa kiasi cha kosa, na kosa likizidi kiwango unarudia. Ndipo unaanza kufuata barabara na mito. Ukiibandua ramani ukaibandika tena kesho, hata kama kwa macho unaona imerudi palepale, unasajili upya, yaani unabofya kona zote tena. Mwalimu wetu hakuwa na mjadala juu ya hilo.

Nilipokumbuka meza ile nilikaa kimya nikafikiri. Ile meza haikuwahi kudai kwamba inaifahamu ramani. Ramani ndiyo iliyofika na alama zake kwenye kona, ikajieleza. Kumbe nilichokuwa nakihitaji kwenye michoro yangu ni hicho tu.

Na ukitazama, mifumo mingi inayotambua karatasi kweli imefanya hivyo, imeweka utambulisho kwenye karatasi. Kampuni ya Anoto ya Sweden ndiyo iliyokwenda mbali zaidi. Karatasi yao inachapwa vidoti vidogo sana, vilivyoachana takriban milimita 0.3, na kila kidoti kimesogezwa kidogo juu, chini, kushoto au kulia kwa makusudi. Kwenye kalamu, karibu na ncha, kuna kamera ndogo. Ikiona kipande cha vidoti 6 kwa 6 tu, inajua iko ukurasa gani na sehemu gani ya ukurasa huo. Kalamu za Livescribe zilifanya kazi kwa vidoti hivyo. Hapo hakuna kitufe cha kusahau, kwa sababu kila ukurasa una mpangilio wake ambao haurudiwi kwenye ukurasa mwingine. Tatizo ni kwamba unafungwa na karatasi maalumu, na sisi huku karatasi tunanunua steshenari.

Njia rahisi zaidi tunayo mifukoni. Msimbo wa QR ulibuniwa mwaka 1994 na Masahiro Hara na wenzake wa kampuni ya Denso, Japani, kwa ajili ya vipuri vya magari. Miraba mitatu mikubwa iliyo kwenye kona zake ndiyo inayoiambia kamera msimbo umegeukia wapi. Kuna pia alama ziitwazo ArUco, zilizotoka Chuo Kikuu cha Córdoba, Hispania, na zimo ndani ya OpenCV, maktaba ya programu ambayo ni ya bure. Kila alama ni mraba mweusi wenye namba yake. Chapa nne, moja kila kona, na kompyuta ikipata picha ya simu tu inajua hii ni karatasi ipi na imelalaje.

Msiseme hayo ni mambo ya Ulaya. Fomu za OMR, zile zinazosomwa na mashine, ambazo watoto wetu wanajazia mtihani wa darasa la saba zina vialama vyeusi pembeni. Mashine inavitafuta hivyo kwanza ndipo isome majibu. Mtoto wa Uyui anakabidhi karatasi inayojitambulisha kuliko ya mchoraji mwenye tableti!

Wengine mtasema: si kamera iangalie kingo za karatasi yenyewe, alama za nini? Nilijaribu, na nawaambieni pale inapokwama. Karatasi nyeupe juu ya meza nyeupe haina kingo. Karatasi iliyogeuzwa kichwa chini ina kingo zilezile, na mstatili hausemi juu ni wapi. Halafu kuna hili ambalo wengi hawaliwazi: A4 ni milimita 210 kwa 297, na A5 ni 148 kwa 210, yaani ni A4 iliyokunjwa katikati, na uwiano wa pande zake ni uleule. Ukizipiga picha kutoka juu bila kitu cha kulinganisha, kwa umbo hazitofautiani. Umbo pekee halikupi ukubwa, halikupi mwelekeo, halikupi namba ya ukurasa. Alama inakupa vyote vitatu.

Sasa ninavyofanya mimi. Kwenye kila karatasi nachapa kwanza misalaba mitatu na duara moja kwenye kona, kwa wino hafifu. Duara huwa chini kulia daima. Pembezoni mwa chini nachapa safu ya visanduku vyenye namba. Naibandika karatasi juu ya tableti kwa tepu, kisha kabla ya mstari wowote nagusa kona zote nne kwa mpangilio uleule, nikimalizia na duara, halafu naweka tiki kwenye kisanduku cha namba ya karatasi. Hivyo miguso ile inaingia kwenye faili pamoja na mchoro. Kona mbili zinatosha kueleza karatasi imekaa wapi na imegeuka kiasi gani. Ya tatu inaonyesha kama imevutika upande mmoja. Ya nne ni shahidi: ikitofautiana na hesabu, kuna kitu kimesogea. Na ukipiga picha kwa simu badala ya tableti, hizo nne ni za lazima, kwa sababu simu iliyoinama inaufanya mstatili uwe trapeziamu, na hesabu ya kuunyoosha ina visivyojulikana 8. Kila kona inakupa viwili.

Kwa utaratibu huo ndiyo nimemaliza kazi niliyokuwa naifunga siku kijana yule wa Ujiji aliponiandikia. Ni picha za kijitabu cha wafugaji nyuki wa Sikonge: mizinga ya magome iliyotundikwa mitini, mizinga ya masanduku, namna ya kufukiza moshi, namna ya kukamua asali bila kuichafua. Karatasi zilikuwa nyingi na sikuzichora kwa kufuatana. Siku ya mvua nilichora za ndani, siku ya jua nikaenda msituni nikachora miombo nikiwa nimekaa chini. Kuna zilizoanza kwa penseli mwezi mmoja na kupata wino mwezi mwingine. Zote zilirudi mahali pake. Wino ulikaa juu ya penseli bila kupishana, na mhariri akapiga simu kuuliza nani amenisaidia upande wa kompyuta. Nikamwambia hakuna, nimefanya mwenyewe, Tabora. Nilifurahi jamani. Nilimwita mama nikamwonyesha ukurasa mmoja baada ya mwingine, naye akazipitia zote mpaka ya mwisho.

Jambo moja tu lilinipa shida, unyevu. Karatasi inavimba masika na kusinyaa kiangazi, tena inavimba zaidi kuukata mwelekeo wa nyuzi zake kuliko kuufuata, kwa hiyo haikui sawasawa pande zote. Wachora ramani walilijua hilo, ndiyo maana kazi za kudumu walizichora kwenye plastiki ya polyester. Ukigusa kona upya kila unapoibandika karatasi, uvimbe huo unaingia kwenye hesabu na kurekebishwa. Usipogusa, wino wako wa mwezi wa nne hautakaa juu ya penseli ya mwezi wa nane.

Wadogo zangu, nisikilizeni. Tangazo likikwambia kifaa "kinatambua", uliza kinatambua nini: kalamu, ukurasa, au kitufe? Akishindwa kukujibu muuzaji, usimpe hela yako uliyoihangaikia. Kabla ya kununua tableti yoyote, jifunze kuweka alama kwenye karatasi. Karatasi yenye alama itafanya kazi na tableti ya bei ndogo, itafanya kazi na simu yako ya sasa, itafanya kazi na skana ya steshenari. Karatasi isiyo na alama itakusumbua hata ukiwa na kifaa cha bei ya pikipiki. Wekeni alama. Wekeni namba. Na mteja akikuletea kifaa chake, mfanyie jaribio mbele yake kwa karatasi mbili, abadilishe mwenyewe kwa mkono wake, aone kinachotokea, ndipo usaini mkataba. Usikubali kubeba lawama ya kitu ambacho hakikuwahi kuwa na uwezo huo. Mchoraji wa Tabora hana upungufu wa akili wala wa mkono. Anachokosa mara nyingi ni kuamini kwamba ana haki ya kuuliza.

Ukichora pande zote mbili za karatasi, upe kila upande namba yake, na duara libaki chini kulia pande zote. Wino ukipenya upande wa pili, tumia karatasi nzito zaidi, usihangaike kusafisha kwenye kompyuta.

Faili la alama zangu za A4 nitamtumia anayeomba. Unapolichapa, chagua ukubwa wa asilimia 100, usiiache printa ibane ukurasa uingie ndani ya pambizo zake. Kisha chukua rula. Kona hadi kona iwe milimita 180 kwa upana na 250 kwa kimo, na ulalo ukaribie 308. Ikipungua hata milimita 3, rudi kwenye mipangilio ya printa kabla hujagusa kalamu.